Je, Bia Nyeusi Inayonukia Kastadi Bado ni Bia?

Maswali na majibu ya wasomaji

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zinahusu jambo moja: bia nyeusi za viwanda vidogo ambazo zimetengenezwa kwa makusudi zifanane na kitindamlo, yaani keki, kastadi, chokoleti au biskuti. Nimechagua barua tano, na nimeanza na ile inayouliza jambo la msingi kuliko yote, ambalo ni namna ya kuionja. Majibu haya yanawahusu watu wazima ambao tayari wanakunywa; hayakusudii kumshawishi asiyekunywa aanze.

*Ndugu mwandishi, mimi ni mzaliwa wa Bukavu na sasa ninaishi Buffalo, katika jimbo la New York. Nyumbani nilizoea Primus, na siku za sherehe Guinness. Mwenzangu wa kazini alinipa chupa mbili za bia nyeusi iitwayo Crème Brûlée, inayotengenezwa na kiwanda cha Southern Tier. Ya kwanza niliitoa kwenye friji nikainywa kama ninavyokunywa bia zote, na nilichokipata ni sukari tupu. Je, iko namna ya kuionja hii ya pili ili niielewe?*
*Msomaji, Buffalo*

Ndugu yangu wa Buffalo, namna ipo, na chupa hiyo iliyobaki inastahili kufunguliwa kwa utulivu. Bia uliyopewa imetoka jirani na wewe, katika mji wa Lakewood ulioko upande wa magharibi wa jimbo lako, ambako Southern Tier ilianzishwa mwaka 2002. Kitindamlo kilichoipa jina ni cha Kifaransa: kastadi ya viini vya mayai na krimu, ambayo juu yake hunyunyizwa sukari na kuunguzwa kwa moto mpaka igeuke ganda gumu la rangi ya kahawia. Ndani ya bia hamna yai wala krimu. Kuna kimea cha shayiri, kikiwamo cheusi kilichokaangwa, kuna sukari ya maziwa, na kuna vanila. Kiwango cha kilevi kimekuwa kati ya asilimia 8 na 10 kulingana na mwaka iliotengenezwa, karibu mara mbili ya bia uliyozoea kuinywa Bukavu. Kwa hiyo haikukusudiwa kukata kiu, na anayeinywa kwa mafunda makubwa ataona ubaya wake kabla ya uzuri wake.

Kilichokupotezea ladha kwanza ni baridi. Friji ya nyumbani hukaa karibu nyuzijoto 4, na katika baridi hiyo harufu nyingi hazipandi kutoka kwenye glasi. Bia ya aina hii hutegemea harufu zaidi kuliko kitu kingine chochote. Ukiizimia harufu, kinachobaki mdomoni ni uzito na sukari. Itoe kwenye friji uiache mezani kwa muda wa nusu saa hivi, ifike kama nyuzijoto 10 hadi 13, ambapo glasi bado ina ubaridi ukiishika lakini haigandishi vidole. Usitumie glasi ndefu iliyonyooka. Tafuta yenye tumbo pana na mdomo uliobanwa kidogo. Glasi ya mvinyo inatosha kabisa. Mimina kiasi cha mililita 100, usiijaze, kwa sababu nafasi iliyo wazi juu ya bia ndiyo inayokusanya harufu.

Kisha iangalie. Ukiiinua mbele ya taa utaona kwamba weusi wake si wa wino: pembezoni, pale inapokuwa nyembamba, kuna wekundu wa kahawia iliyokolea. Povu lake ni la rangi ya kahawa ya maziwa na halidumu sana. Zungusha glasi taratibu, uone jinsi bia inavyoshuka polepole kwenye kuta. Huo ni uzito wa sukari ambayo hamira haikuimaliza.

Sasa pua. Nilipoionja bia hii, vanila ilinifikia kabla sijaileta glasi usoni, na nyuma yake ikafuata sukari iliyoungua. Watu wengi huishia hapo, wakadhani wamemaliza kunusa. Subiri dakika mbili au tatu, unuse tena kwa pumzi fupi fupi badala ya moja ndefu, kwa maana pua huzoea haraka harufu kali na kuacha kuihisi, na ikishaizoea ndipo harufu za chini hujitokeza. Hapo ndipo nilipokipata kimea chenyewe: ukoko wa mkate ulioungua kidogo, kisha kahawa iliyopoa. Harufu hizo mbili ndizo zinazokujulisha kwamba chini ya kastadi kuna bia.

Piga funda dogo, lieneze mdomoni kote, lisubirishe kidogo juu ya ulimi, ulimeze, halafu ufunge mdomo na kutoa pumzi kwa pua. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda kutoka kooni kwenda puani, na katika bia nyeusi uchungu wa kimea kilichokaangwa hufika mwishoni, baada ya utamu kupita. Anayemeza funda moja juu ya jingine anaufunika uchungu huo kwa utamu mpya kila mara, na mwishowe atasema, kama ulivyosema wewe, kwamba ni sukari tupu. Kunywa maji kidogo, pumzika, kisha urudi kwenye funda la pili.

Hata hivyo sitakuficha maoni yangu. Katika Crème Brûlée utamu umeshinda. Harufu yake ni ya ufundi mkubwa, na sidhani kama nimewahi kukutana na bia nyingine inayokaribia kitindamlo kilichoipa jina kwa kiasi hicho, lakini mdomoni uchungu umeachwa nyuma mno, na ikiendelea kupata joto ndani ya glasi hurudi kuwa sharubati nzito. Mililita 100 baada ya chakula cha jioni ni furaha ya kweli; chupa nzima kwa mtu mmoja ni adhabu. Kiwanda hichohicho hutengeneza nyingine iitwayo Choklat, ambayo imetiwa chokoleti chungu ya Ubelgiji, na kwangu mimi hiyo imesimama vizuri zaidi, kwa sababu kila utamu unapopanda kuna uchungu unaoushusha. Ukiweza kuzipata zote mbili, ziweke kando kwa kando uzionje kwa zamu. Utajifunza kwa jioni moja kuliko utakavyojifunza katika maandishi yangu.

Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: baada ya funda la tatu, mdomo unataka nini? Bia nyeusi tamu iliyotengenezwa vizuri huacha ukavu kidogo pembeni mwa ulimi, na ukavu huo ndio unaokufanya uinue glasi tena. Ikiacha unato midomoni na hamu ya kunywa maji, basi mtengenezaji ameunda kitindamlo akasahau bia.

Na usiinywe pamoja na keki, kwani utamu wa keki utaifanya bia ionekane chungu na nyembamba, na vyote viwili vitaharibika. Karanga au korosho zilizokaangwa kwa chumvi zinaifaa. Jibini kali yenye ukungu wa buluu inaifaa zaidi, ingawa najua si kila mtu aliyekulia kwetu ataipenda siku ya kwanza.

*Mhariri, naona makopo ya bia yameandikwa chokoleti, kahawa, nazi, hata keki ya karanga. Je, vitu hivyo vimetiwa kweli au ni kemikali za kutudanganya?*
*Msomaji, Nakuru*

Ladha hizo zina asili tatu tofauti, na mara nyingi zote tatu hukutana katika kopo moja: nafaka, pipa, na vitu vinavyoongezwa.

Nianze na nafaka, kwa kuwa hauko mbali na mashamba ya shayiri ya Mau Narok. Shayiri hulowekwa, huachwa iote kidogo, kisha hukaushwa kwa joto ili kuota kusimame, na hapo huitwa kimea. Kimea kikikaushwa kwa upole hutoa bia ya rangi ya dhahabu. Sehemu yake nyingine huingizwa kwenye pipa la chuma linalozunguka juu ya moto na kukaangwa kwa zaidi ya nyuzijoto 200, na humo sukari na protini za nafaka hugeuka na kutoa harufu zilezile tunazozipata kwenye ukoko wa mkate, kwenye kahawa na kwenye kakao iliyokaangwa. Kuna kimea ambacho wafanyabiashara hukiita cha chokoleti, na hakina hata chembe ya kakao. Guinness ya kawaida hunukia kahawa bila kutiwa kahawa kwa sababu hiyohiyo, ingawa wao hukaanga shayiri ambayo haijaoteshwa. Ufundi huu ulipata sura yake ya sasa mwaka 1817, pale Mwingereza Daniel Wheeler alipopewa hataza ya chombo cha kukaangia kimea kwa kuzungusha. Kabla ya hapo watengenezaji wa London walitegemea kimea cha kahawia kwa wingi. Baadaye waliweza kutumia kimea cheupe na kutia sehemu ndogo tu ya kile cheusi. Bia nyeusi yoyote nzuri huanzia hapo, na mtengenezaji asiyekijua kimea chake hataokolewa na vanila.

Asili ya pili ni pipa. Sheria ya Marekani inataka wiski ya bourbon iwekwe katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani, kwa hiyo pipa likishatumika mara moja haliwezi kurudishwa kwenye kazi hiyo na huuzwa. Kiwanda cha Goose Island cha Chicago kilianza katika miaka ya 1990 kuweka bia nyeusi nzito ndani ya mapipa hayo, na bia yao ya Bourbon County ikafungua njia iliyofuatwa na wengine wengi. Mwaloni ulioungua una vanilini ndani yake, yaani kile kinachoipa vanila harufu yake kuu, pamoja na mafuta ya harufu yanayokumbusha nazi. Ukiipata harufu ya nazi katika bia iliyolala kwenye pipa, huenda hakuna aliyekuna nazi.

Asili ya tatu ndiyo uliyoiuliza. Young's Double Chocolate Stout ya Uingereza, yenye kilevi cha asilimia 5.2, hutiwa chokoleti halisi na kiini cha chokoleti juu ya kimea chake. Wengine huloweka vipande vya kakao iliyokaangwa ndani ya bia iliyokwisha kuchachuka, na wengine kahawa, mdalasini au nazi iliyokaushwa. Wapo pia wanaotia kitindamlo chenyewe: The Veil, kiwanda cha Richmond katika jimbo la Virginia, kimetengeneza bia nyeusi iliyotiwa biskuti za Oreo. Jambo hilo lina gharama yake, kwa sababu mafuta ya biskuti, karanga au nazi huua povu, na ndiyo maana bia nyingi za namna hii hutua mezani zikiwa na utando mwembamba tu juu.

Vanila inastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndiyo inayobeba karibu kila bia ya kitindamlo, na kwa kuwa inalimwa kwetu. Ua la vanila hufunguka kwa siku moja tu, na nje ya nchi za asili yake, kama Mexico, lazima lichavushwe kwa mkono, ua moja moja. Njia ya haraka ya kufanya hivyo ilibuniwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa mwenye umri wa miaka 12 hivi, na njia yake ndiyo inayotumika hadi leo Madagascar, Komoro na Uganda. Baada ya kuvunwa, maganda hayo huchukua miezi kadhaa ya kutoswa katika maji ya moto, kufunikwa yatoe jasho na kuanikwa kabla hayajawa meusi na yenye harufu. Ninapoonja bia iliyotiwa vanila halisi huwa naikumbuka kazi hiyo, na inaniuma nikiona imezamishwa ndani ya sukari mpaka haitambulikani.

Kwa sababu ya bei yake, watengenezaji wengi hutumia viini vya harufu vilivyotengenezwa viwandani. Siwalaumu wote, na si sahihi kusema kwamba ni sumu au udanganyifu ikiwa lebo imeeleza wazi. Lakini pua inaweza kuzitofautisha. Vanila ya ganda ina vitu vingi ndani yake: majani makavu, ngozi, zabibu kavu, kidogo harufu ya udongo, na hubadilika glasi inapopata joto. Kiini cha kiwandani hupiga noti moja ileile tangu funda la kwanza hadi la mwisho. Na yeyote anayedhurika na karanga, maziwa au ngano asome lebo kwa makini kabla ya kuonja.

*Bwana mwandishi, mimi ni mzee wa Moshi. Mjukuu wangu aliniletea kopo kutoka Ulaya, jina lake Noa Pecan Mud Cake, bia ya kampuni ya Omnipollo ya Sweden, kilevi asilimia 11. Nilionja nikamwambia hii si bia, ni uji wa watoto uliotiwa pombe. Bia ni chungu. Je, nimekosea?*
*Msomaji, Moshi*

Shikamoo mzee. Hujakosea katika kile ulichokihisi, ila naomba uniruhusu nitenganishe mambo mawili, kwa sababu utamu wenyewe si kosa.

Bia nyeusi zilizopendwa London katika karne ya 18, zile zilizoitwa pota kwa ajili ya wachukuzi wa mizigo waliozinywa, zilikuwa na ndugu zake wazito zaidi ambao kiwanda cha Thrale cha Southwark, baadaye Barclay Perkins, kilikuwa kikiwapeleka kwa meli hadi Urusi. Kutoka kwa hizo ndipo zilipotokea bia nyeusi kali za leo, zikiwamo hizi za keki. Kwa hiyo mjukuu wako hakukuletea kitu kisicho na ukoo. Hata huko kwenu mbege haianzi na uchungu: ndizi mbivu huchemshwa mpaka utamu wake wote uingie kwenye maji, kisha huja ulezi uliooteshwa na kusagwa. Lakini nani Mchaga atakayekubali mbege isiyotiwa msesewe? Gome lile chungu ndilo linalousimamisha utamu wa ndizi, na mtengenezaji hupimwa kwa kujua kiasi chake. Hicho ndicho unachokidai katika kopo la mjukuu wako, na una haki ya kukidai.

Katika bia nyeusi kazi ya msesewe hufanywa na vitu viwili, maua ya hopsi na kimea kilichokaangwa. Watengenezaji hupima uzito wa bia kwa kuulinganisha na wa maji, ambao huhesabiwa kuwa 1.000. Bia nyeusi kavu, ya jamii ya Guinness, hamira ikimaliza kazi yake huishia karibu na 1.010. Nyingi kati ya hizi za kitindamlo huishia 1.030 au juu zaidi, maana yake sukari nyingi imebaki bila kuliwa. Uchungu ambao ungetosha katika ile ya kwanza hausikiki kabisa katika ya pili. Inabidi hopsi na kimea cheusi viongezwe kwa ujasiri, na wengi wanaogopa kufanya hivyo kwa sababu mnunuzi amekuja akitafuta keki.

Kuhusu Noa yenyewe, harufu yake ya chokoleti na karanga zilizokaangwa imepangwa vizuri na nisingependa kuidharau, ila naona utamu wake hukaa mdomoni kupita kiasi. Ukimpenda mjukuu, mwambie alete na chupa ya bia nyeusi kavu. Mkinywa funda la ile kavu kwanza, kisha tone la hii tamu, mtasikia kimea kilichojificha chini yake. Na kama bado utasema si bia, sitabishana nawe.

*Mpendwa mwandishi, bia nyeusi ya maziwa hunijaza tumbo gesi na kunitibua, ilhali bia nyingine hazinisumbui. Maziwa hayo huharibika ndani ya chupa?*
*Msomaji, Arusha*

Dada, hakuna maziwa yanayoharibika. Kinachotiwa ni laktosi, yaani sukari inayopatikana katika maziwa, ikiwa unga mkavu. Hamira ya bia haiwezi kuila, hivyo hubaki ndani na kuipa bia uzito na ulaini. Utamu wake wenyewe ni hafifu ukilinganishwa na sukari ya chai. Mackeson, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1907 huko Hythe katika Kent, ndiyo iliyoitangaza bia ya aina hii, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia watengenezaji wa Uingereza walikatazwa kuandika neno maziwa kwenye lebo, kwa kuwa lilimfanya mnunuzi adhani ananunua kitu kisichokuwamo.

Watu wazima wengi, na hasa sisi Waafrika, miili yao hupunguza uwezo wa kumeng'enya laktosi baada ya utoto, nayo ikifika kwenye utumbo mpana hugeuka gesi. Ikiwa maziwa mabichi nayo hukusumbua, basi sababu huenda ni hiyo. Bia nyingi za kitindamlo huwa nayo, kwa hiyo tafuta neno laktosi katika orodha ya vilivyomo, na ukiliona chagua bia nyeusi kavu. Tatizo likiendelea hata bila laktosi, muone daktari.

*Mpendwa mwandishi, ninaishi London na Desemba nitakwenda nyumbani Dar es Salaam. Nataka kuwachukulia kaka na dada zangu chupa nne za bia hizi za kitindamlo tuzionje pamoja. Nizisafirishe na kuzihifadhi vipi, na tuzionje kwa utaratibu gani?*
*Msomaji, London*

Dada yangu, nimefurahi kwamba umefikiria kuzionja pamoja, kwani ndivyo zinavyopaswa kunywewa. Chupa ya mililita 330 yenye kilevi cha asilimia 11 ina mililita 36 hivi za pombe halisi, wakati bia ya kawaida ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Chupa hiyo ndogo, basi, ina nguvu karibu ya bia kubwa moja na nusu, na utamu huificha nguvu hiyo mpaka mtu asimame. Mkiwa wanne, kila chupa itampa kila mmoja mililita 80 hivi, kiasi kinachotosha kabisa kwa kuonja. Atakayeendesha gari asionje kabisa. Kama mmoja wenu ana kisukari, mwambie wazi kwamba bia hizi zina sukari iliyobaki kwa wingi, mbali na kilevi chake.

Anzeni na ile yenye kilevi kidogo na utamu kidogo, mwende mkipanda. Ile iliyolala kwenye pipa la wiski, au yenye pilipili na mdalasini, iwe ya mwisho, maana ikitangulia ulimi hautasikia tena kitu kingine. Wekeni maji na karanga za chumvi mezani. Kila mtu aseme anachokipata kabla ya lebo kusomwa kwa sauti, kwa sababu ukishaambiwa kuna nazi utaisikia hata kama haimo. Msione haya kutumia majina ya vitu vyetu: mmoja akisema kashata, mwingine tende, mwingine moshi wa mkaa, wote wanaweza kuwa wamesema kweli.

Kuhusu safari, adui yenu ni joto. Chagua chupa au makopo yaliyotengenezwa karibuni, uyafunge katikati ya nguo kwenye begi kubwa, na ukifika uyaweke kwenye friji siku hiyohiyo. Usiyaache kwenye buti la gari wala kabatini katika joto la Desemba la Dar es Salaam. Bia nzito isiyotiwa vionjo, au iliyokaa kwenye pipa, inaweza kuhifadhiwa mahali penye giza na ubaridi kwa mwaka au zaidi, ikiwa imesimama wima, na mara nyingine ikapendeza zaidi. Lakini kahawa na vanila hufifia mapema, na bia zilizojengwa juu yake zinafaa kunywewa ndani ya miezi michache. Ikinukia karatasi iliyolowa, hewa imekwisha kuiharibu. Ukisikia siagi nzito katika bia ambayo lebo yake haikuahidi biskuti wala siagi, huenda hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi. Na uchachu mkali, katika bia ambayo haikukusudiwa kuwa chachu, ni dalili kwamba bakteria wameingia.

Uwe mwangalifu zaidi na makopo yaliyotiwa matunda au peremende laini baada ya bia kuchachuka. Hamira iliyobaki humo inaweza kuanza tena kuila sukari hiyo ikipata joto, na gesi ikajaa. Kopo lililovimba juu au chini lisitikiswe wala lisipelekwe mezani penye watu; lirudishe kwenye friji lipoe kabisa, kisha ulifungulie juu ya sinki, ukiwa umelifunika kwa kitambaa na kulielekeza mbali na uso.